Vichupa Kumi na Viwili vya Mkungu Mmoja

Dar es Salaam
11 Februari 2025

Kaka Wilfred,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Natumaini hapo Makorora mmeamka salama, wewe, wifi Elizabeti na watoto. Sisi hatujambo. Hosea ametimiza wiki tano jana, ananyonya kama anafukuzwa. Mshono wa upasuaji bado unanivuta nikiinama na daktari amenikataza kupanda basi mpaka Aprili. Blessing anaendeleaje? Wifi aliniambia tumbo linamsokota na hataki kula.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nataka maelekezo uwe nayo mkononi. Kwenye boksi lililokuja na barua hii mna vichupa kumi na viwili vitupu. Mwanamkasi, niliyesoma naye shule ya msingi, yule aliyeolewa mtaa wa Mkungu Mmoja, amenipigia mara tatu. Anasema tangu ifunguliwe ile yadi ya kuyeyusha betri chakavu za magari, watoto wa mtaa wanalegea na kuumwa matumbo. Mwanawe Zaituni ana miaka minne, na maneno aliyokuwa ameshayajua yanampotea. Kina mama wamelalamika ofisi ya mtaa, wakaambiwa walete ushahidi.

Ushahidi naweza kuutoa mimi, hapa maabara ya chuo. Udongo tunausaga, tunaubana uwe kama kidonge, halafu tunaupiga kwa mwale wa leza. Pale mwale unapogusa panawaka cheche ndogo kuliko punje ya mtama, yenye moto ambao jiko lolote haliufikii. Unakumbuka chumvi ikimwagikia makaa moto unavyogeuka njano? Ni hivyo hivyo. Kila kitu kilichomo kwenye udongo kikiungua kinatoa rangi yake. Chumvi njano, shaba kijani, risasi urujuani. Mashine inazisoma rangi zote kwa kufumba na kufumbua. Betri zina madini ya risasi, na risasi ikiingia kwenye damu ya mtoto inamharibu ubongo.

Sheria yetu ni mtafiti achimbe mwenyewe. Mwenzangu Noa amenikumbusha hilo. Nimemjibu kwamba kaka yangu ndiye mimi. Orodha ya nyumba imo ndani. Kila ua, kijiko cha juu juu pale watoto wanapochezea, kichupa kimoja, andika jina la nyumba, funga.

Mdogo wako,
Yudith


Makorora, Tanga
2 Machi 2025

Mdogo wangu Yudith,

Marahaba sana, na Bwana asifiwe kwa ajili ya Hosea. Jina la Baba limepata mwenyewe. Sisi wazima. Biashara ya vipuri inasuasua lakini Mungu hamtupi mja wake. Wiki iliyopita nilikuwa Muheza kwa Mama. Anakusalimu. Machungwa yamebeba mpaka matawi yanategemezwa kwa miti, na goti lake limepoa kidogo.

Blessing tumempeleka Mkwaja kwa bibi yake mzaa mama. Huko kuna hewa na samaki, atarudi amenona.

Vichupa hivi hapa. Niwie radhi kwa kuchelewa, pikipiki ililala gereji. Nyumba zote kumi na mbili nimezipitia kwa miguu yangu. Watu walinitazama wakacheka, mzee mzima anachota mchanga kama mtoto. Mwanamkasi mwenyewe alinishikia beseni. Alikuwa anasema, "Chota na hapa, na hapa pia, huyu mwanangu ndipo anaposhinda." Nikachota.

Usijichoshe na kazi, una kidonda.

Kaka yako,
Wilfred


Dar es Salaam
9 Aprili 2025

Kaka Wilfred,

Shikamoo. Hosea ameanza kucheka, na akicheka anafanana na wewe mpaka baba yake anaona wivu. Mshono umepona.

Nina habari njema. Vidonge vyote kumi na viwili tumevipiga leza, kila kimoja mara thelathini, mahali mbalimbali. Risasi haikuonekana. Nilikaa mbele ya ile mashine nikingoja mstari wa urujuani utokee na haukutokea. Kwa kweli nilishangaa, halafu nikafurahi, halafu nikamwonea huruma Mwanamkasi kwa sababu sasa hajui mwanawe anaumwa nini. Noa ameniuliza mbona shaba ni nyingi. Nimemwambia huenda ni nyaya za umeme wanazochoma vijana.

Barua ya matokeo nimeituma kwa mwenyekiti wa mtaa, yenye muhuri wa maabara na saini yangu. Wewe nimekuandika kama mkusanyaji wa sampuli, jina kamili. Asante, kaka. Bila wewe nisingeweza.

Blessing karudi? Mpe busu langu.

Yudith


Makorora, Tanga
27 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku mvua za masika zimetukalia, nguo hazikauki. Wifi yako anakusalimu.

Barua yako ilisomwa kwenye mkutano wa mtaa Jumapili, nami nilikuwepo. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, maana mara ya kwanza kelele zilikuwa nyingi. Halafu akauliza, "Haya Mwanamkasi, unasemaje? Mwezi mzima umetugombanisha na watu wanaowapa vijana wetu kazi." Mtu mmoja nyuma akamwita mzushi. Mwanamkasi alisimama na mtoto mgongoni. Akasema, "Yudith nimekaa naye dawati moja. Mashine yake haisemi uongo. Basi ni mwanangu tu." Akaenda zake.

Yamekwisha. Watu wametulia na wewe umeheshimika. Vile vichupa sasa vitupe, vinakuzibia nafasi tu.

Wilfred


Dar es Salaam
30 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Hosea anakaa bila kuegemezwa.

Wiki mbili zilizopita Zaituni alishikwa na degedege tangu alfajiri mpaka saa nne. Malaria hakuwa nayo. Daktari kijana pale hospitali alituma damu yake Dar, na majibu yametoka. Ana risasi mwilini mara kumi na nne ya kiwango cha kushtuka. Mwanamkasi alinipigia kunisomea namba ile. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Yudith, inaingilia wapi, kama si kwenye udongo?"

Vile vichupa sikuvitupa. Nimevifungua upya, nimesaga upya, nimepiga leza upya, safari hii nimeangalia kila rangi na si risasi peke yake. Kaka, mji wa Tanga umekaa juu ya mawe ya matumbawe. Udongo wake lazima uwe na chokaa, na chumvi ya bahari lazima iwemo. Hivi vyote kumi na viwili chokaa ni kidogo mno, chumvi hakuna, na vimejaa chuma cha udongo mwekundu wa bara, mbali na bahari. Halafu ile shaba imo katika vyote kumi na viwili kwa kipimo kinachokaribia kimoja. Nyumba kumi na mbili haziwezi kuchoma nyaya sawasawa kama zinapimiana.

Ni udongo wa shimo moja.

Nakuuliza mambo matatu. Uliuchimba wapi? Vichupa vililala wapi kabla ya kufika kwenye basi? Na Blessing yuko wapi? Barua ya tatu sasa nauliza habari zake.

Nijibu kwa barua. Kwenye simu utanichekesha nisahau nilichouliza.

Yudith


Makorora, Tanga
21 Julai 2025

Yudith,

Marahaba. Tuko wazima.

Nimeisoma barua yako nikaona haya kwa niaba yako. Mimi nimekuzidi miaka kumi na moja. Baba alipoanguka kwenye shamba la mkonge hakuinuka tena, na aliyeacha shule ili wewe usome ni nani? Nilikuwa kidato cha pili, na sikushindwa masomo, unalijua hilo. Nilikubeba begani siku ya kwanza ya shule kwa sababu njia ilikuwa na tope na ulikuwa na viatu vipya. Leo unaniuliza vichupa vililala wapi, kama polisi anayemhoji mwizi wa kuku.

Mashine hukosea, na watu hukosea zaidi. Huenda huyo Noa wako alichanganya vitu vyake. Mtoto wa Mwanamkasi namwombea, lakini watoto wanaumwa kila siku ya Mungu.

Blessing hajambo. Anakua.

Kaka yako


Muheza
18 Agosti 2025

Wilfred,

Naandikia kwenye meza ya Mama. Yeye amelala, Hosea amelala naye.

Nimefika tangu Jumanne, nikiwa na mashine ya mkononi tuliyoazimwa, ina ukubwa wa drili ya fundi. Nilikusudia kupita hapa kumsalimu Mama tu, kisha niendelee Tanga. Akaniona naitoa kwenye begi, akasema, "Ndiyo hiyo uliyopimia udongo wa michungwa yangu?" Nikamwuliza michungwa gani. Akasema, "Kaka yako si alikuja na vichupa vyako? Alichimba pale chini ya mchungwa wa tatu. Akasema umemwagiza uone kama udongo wangu umechoka. Mimi nikamchemshia chai."

Nilikwenda pale nikaweka mashine chini nikabonyeza. Udongo mwekundu, chuma tele, na shaba. Nikamwuliza Mama miti anaipigia dawa gani. Akasema mrututu, kila mwaka, tangu Baba yuko hai. Mrututu ni shaba, Wilfred. Miaka thelathini ya mrututu imedondokea mizizi ile. Nilikuwa nimechuchumaa chini, Mama akaniuliza kama tumbo la upasuaji linaniuma. Nikamwambia ndiyo.

Kesho yake nilikwenda Mkungu Mmoja pamoja na afisa afya. Nilimtangulia Mwanamkasi uani kwake, nikabonyeza. Sikuhitaji kungoja. Mstari wa urujuani ulipanda mpaka juu ya kioo. Nikabonyeza karibu na mtungi, nikabonyeza chini ya kamba ya nguo, na kwenye kizingiti anapokaa Zaituni mama yake akipepeta mchele. Kote ilipanda. Mwanamkasi alikuwa nyuma yangu. Akasema, "Mbona ya kwanza ilisema hakuna?" Nikamwambia udongo uliofika kwangu haukuwa wake. Akasema, "Lakini nilimshikia beseni." Alirudia hivyo mara mbili, nilimshikia beseni, kama vile mimi ndiye sikuelewa.

Zaituni sasa hasemi neno hata moja. Anakutazama tu, halafu anatazama pengine.

Kisha tuliingia kwenye yadi. Mkuu wa pale, anaitwa Idarusi, alitukaribisha vizuri, akatuletea viti. Leseni imetundikwa ukutani ndani ya fremu. Majina ya wenye biashara ni mawili, Idarusi na Wilfred Hosea Shekiondo. Afisa afya akanigeukia akauliza, "Huyu si ndiye mkusanyaji kwenye barua yako?" Wewe hukuwepo. Idarusi alisema umetoka dakika kumi kabla.

Kwako Makorora nilimkuta wifi peke yake. Sikumhoji. Nilimwuliza tu habari za Blessing, akaanza kulia, akanitolea kadi ya hospitali. Damu yake ilipimwa wiki ya pili ya Januari. Ulikuwa unarudi na nguo za kazi na yeye anakurukia. Daktari aliwaambia ni risasi na akawaambia mtoto atoke. Tarehe ishirini Januari mkampeleka Mkwaja.

Barua yangu ya kukuomba uchimbe ni ya Februari.

Nilitaka sana iwe kwamba hukujua. Njiani kutoka yadi kwenda kwako nilikuwa nakutafutia maneno, labda Idarusi alikulazimisha, labda hukuelewa ubaya wake. Kumbe ulielewa kuliko mtu yeyote mtaani. Wako ulimtoa. Halafu ukaenda nyumba hadi nyumba, ukachota udongo wa watoto wa watu mbele ya mama zao, ukaumwaga sijui wapi, ukaja kuchimba hapa huku Mama anakuchemshia chai. Na mimi nikautia muhuri.

Mwanamkasi alisema mashine yangu haisemi uongo. Ni kweli. Uongo niliusema mimi, kwa saini yangu, kwa sababu nilimwambia Noa kaka yangu ndiye mimi.

Y.


Makorora, Tanga
14 Septemba 2025

Mdogo wangu Yudith,

Umeniandikia bila shikamoo. Nimeiona hiyo kabla ya yote.

Nitakwambia kama ilivyokuwa. Duka la vipuri lilikufa mwaka juzi, sikumwambia mtu. Idarusi alikuwa ananunua kwangu betri mbovu, akanikaribisha tuungane. Vijana kumi na sita wanakula pale. Mimi nilikuwa sijawahi kuitwa bosi na mtu, Yudith. Miaka yote nilikuwa kaka yake Yudith wa chuo.

Blessing alipopimwa nilimwambia Idarusi tulihamishe tanuri, tulipeleke porini. Akasema ngoja mwezi wa sita. Halafu boksi lako likaja. Niliuchota udongo wao kweli, nia yangu ilikuwa kuutuma, sikudanganyi. Vilikaa chini ya kitanda siku nne. Siku ya tano nilivimwaga mtaroni, nikavisuuza, nikaenda Muheza. Nilijiambia ni kununua miezi minne tu, tutahama, hakuna atakayejua na hakuna atakayeumia zaidi. Kwenye ule mkutano, Mwanamkasi alipotoka, nilitaka kumfuata. Sikumfuata.

Sasa nakuomba jambo moja. Najua unaandika barua ya kusahihisha, na afisa amefunga yadi, na tumeitwa. Hayo nitayajibu mwenyewe. Lakini kwenye barua itakayosomwa mtaani usiandike jina langu. Andika msaidizi, andika mkusanyaji, inatosha. Shekiondo ni jina la Baba, na ni lako pia. Blessing ataanza shule mwakani na ataitwa kwa jina hilo hapa hapa Tanga.

Na Mama asijue kwamba ulikuwa udongo wake. Nakusihi.

Wilfred


Muheza
5 Oktoba 2025

Kaka Wilfred,

Mama amesema shikamoo haikatwi, hata iweje. Shikamoo.

Hosea ameota jino. Blessing nilimfuata Mkwaja Jumatatu kwa makubaliano na wifi, anatibiwa Dar pamoja na Zaituni. Wamelazwa vitanda vya kupakana. Daktari anasema wako alitolewa mapema, atarudi alivyokuwa au karibu na hapo. Kwa Zaituni hasemi hivyo. Anasema dawa itaitoa risasi kwenye damu, lakini kilichokwisha kuharibika haitakirudisha. Watoto wengine tisa wa mtaa damu zao zimepimwa. Saba wanayo.

Barua ya kusahihisha niliisoma mwenyewe, mtaani, jana. Ombi lako nililifikiria siku nyingi. Niliiandika bila jina lako, nikaichana, nikaiandika tena bila jina lako. Kisha nikamkumbuka yule mtu wa nyuma aliyemwita Mwanamkasi mzushi, na kwamba jina la Mwanamkasi mtaa mzima unalo mdomoni tangu Aprili na hakuna aliyemwombea lifichwe. Nimeandika majina mawili, lako na langu. Lako kwa udongo, langu kwa saini. Nilipomaliza hakuna aliyepiga kelele. Mwenyekiti alivua kofia. Mwanamkasi alikuwa amekuja kutoka Dar kwa siku hiyo, amekaa mbele. Nilimtaja jina nikamwomba radhi, mbele ya watu. Akasema, "Nimesikia." Hakusema nimekusamehe, nami sikumdai hilo. Kwa kazi, nimeandikiwa onyo chuoni na sitagusa ile mashine mpaka mwakani. Nimestahili.

Kuhusu Mama. Sikutaka kumwambia, si kwa sababu uliniomba, ila nilimwonea huruma. Lakini jana usiku alinikuta na barua zako mezani, akasema, "Zisome, macho yangu hayaoni maandishi ya Wilfred." Nilimsomea zote, na hii ya mwisho nikaisoma polepole. Nilipofika pale ulipoandika kwamba ulikwenda Muheza, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza, "Ule udongo wa watu, alisema aliumwaga wapi?" Nikamwambia mtaroni. Akasugua goti lake.

Leo asubuhi nilimwona chini ya michungwa na jembe, anajaza shimo ulilochimba, ingawa mvua ilikuwa imekwisha kulijaza. Nikamwambia niachie mimi. Hakuniachia. Alipomaliza akasema niandike hivi, nami naandika kama alivyosema, sikuongeza na sikupunguza:

"Mwambie Krismasi asije. Siku nikimtaka nitamwita mwenyewe."

Nilimwuliza kama niongeze salamu. Alifikiri kidogo, akasema hapana.

Yudith